Shati Kavu la Tarishi Wetu

Wasikilizaji wapendwa, leo sina wimbo wa kufungulia kipindi. Nimemwomba fundi mitambo auache. Leo namkumbuka tarishi wetu, yule mliyezoea kunisikia nikimwita Mzee Baridi. Amefariki. Tumemzika Jumanne. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: Mzee Baridi, tarishi wa kituo hiki, hatunaye.

Kwa miaka kumi na tisa barua zenu zilipita mikononi mwake. Alizichukua posta, akazitia kwenye mkoba wa turubai, akapanda baiskeli, akaja nazo huku juu kilimani. Waliowahi kufika hapa wanazijua zile kona tatu. Ya tatu hata pikipiki huguna. Yeye hakushuka kusukuma. Alisema ukiisukuma baiskeli mara moja, inadeka.

Akifika, shati limelowa mpaka unaweza kulikamua. Na humu ndani kuna kiyoyozi, maana mitambo haipendi joto. Sisi wa humu tunavaa masweta mchana kweupe. Yeye aliingia na jasho lake, akakaa kwenye benchi, akingoja nitie sahihi daftari la kupokelea barua. Hazipiti dakika tano, meno yanagongana. Aliwahi kunieleza: "Nikiwa napanda, baridi siijui kabisa. Nikisimama tu, lile jasho linageuka maji ya mtungini, tena yamemwagwa mgongoni."

Mimi nikacheka. Nikawaambia hewani, jamani, kuna mtu hapa kapanda kilima juani na anatetemeka, tumwite Mzee Baridi. Nanyi mkalipenda hilo jina. Zikaanza kuja barua za kumsalimu, na mbebaji ni yeye mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sahihi ile ilikuwa kazi ya nusu dakika. Ningeweza kuitia wimbo ukiwa unapigwa, mzee wa watu akaenda zake kuota jua. Sikuitia. Nilimkalisha pale mpaka kipindi kiishe, saa nzima, kwa sababu kutetemeka kwake kulinipa la kusema. Nilikuwa nachekesha watu kwa baridi ya mwenzangu.

Mke wake ni fundi cherehani. Alimshonea mashati mawili ya kazi, moja la kupandia kilima, moja la kubadilisha akifika. Kila asubuhi alilikunja lile la pili, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka ndani ya ule mkoba wa barua zenu. Siku ya kwanza tarishi wetu akapitia choo cha pale getini, akabadilisha. Akaingia studio amechelewa dakika nne. Amependeza, mkavu, anatabasamu. Nikamuuliza mbele ya watu wote, wewe ni tarishi au bwana harusi? Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia barua zangu zisisubiri mtu anayejipamba. Tangu siku hiyo hakupitia tena pale getini.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wiki mbili zilizopita baiskeli ilipata pancha, akaletwa na gari la kituo. Hakupanda kilima. Shati lake lilikuwa kavu. Nalisema tena, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe: siku ile shati lilikuwa kavu, na alikuwa anatetemeka. Nililiona kwa macho yangu. Nikasema hewani, Mzee Baridi kaja na gari na bado anatetemeka, sasa huyu anaigiza. Wengi wenu mlinisikia. Akaniomba aondoke mapema. Nikamwonyesha benchi.

Siku ya nne akafia hospitali. Daktari hakusema kiyoyozi ndicho kilichomuua. Alisema ni homa ya mapafu, na kwamba kaletwa amechelewa. Kaka wa marehemu aliniambia kwa upole tu, wala hakuwa ananilaumu: "Tulimwona anatetemeka, tukajua ni ile baridi yake ya redioni." Mnaona lile jina lilivyofanya kazi?

Baada ya mazishi nikakaa na mjane. Akaniambia, "Shemeji, nilikuwa namfungia shati kavu. Kila jioni linarudi limekunjwa vilevile nilivyolikunja. Nikaona ananidharau mimi na kazi ya mikono yangu. Wiki ile ya mwisho nilinuna, sikumfungia. Labda ningemfungia, angekuwa hai."

Wasikilizaji wapendwa, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, pole, shemeji. Nikainua kikombe, nikanywa chai yangu. Naona haya mpaka leo.

Kwa mjane, kwa kaka wa marehemu, na kwa familia nzima, kituo hiki kinatoa pole. Mungu amlaze pema. Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba kitu kimoja. Mfikirieni yule mtu wenu mnayemtania kila siku kwa jambo lilelile. Leo msimtanie. Mkalisheni, mumuulize anaumwa wapi, na mngoje ajibu.

Sasa nazungumza na mtu mmoja tu. Shemeji, najua redio yako iko pale juu ya cherehani. Mumeo hakukudharau. Shati lako alilivaa siku moja, likampendeza, mimi nikamfanya achekwe. Likarudi limekunjwa kwa sababu yangu. Hata ungemfungia wiki ile, lingerudi vilevile. Kosa si lako, ni langu, na nilipaswa kukwambia ana kwa ana, siyo huku nilikojificha nyuma ya kipaza sauti. Kesho nitakuja.

Benchi lake liko hapa mbele yangu. Kiyoyozi kinanguruma. Na mimi, shemeji, nimevaa sweta.