Cleopas Owuor, Mchoma Nguruwe Asiyeharakishwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Joska, mdogo wake marehemu, nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Cleopas Owuor, aliyezaliwa Ugenya tarehe 14 Machi 1934, akasoma hapo hapo hadi darasa la sita, akaja Kampala mwaka 1955 kufanya kazi ya reli, akamwoa shemeji Rosebella tarehe 8 Aprili 1961, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1968 akafungua banda la nyama ya nguruwe hapa Kabalagala, na sifa zake mnazijua, maana leo naona wateja ni wengi kuliko ukoo!

Wakati ule alikuwa mtu wa haraka, akionja chumvi kwenye nyama inayotoka damu, hata Juni 1973 akashikwa na homa, shingo ikakakamaa, na daktari akasema vijidudu vya nguruwe vimefika kwenye utando wa ubongo, navyo huingilia mdomoni au kwenye jeraha. Alipona, Mungu asifiwe, lakini masikio yake yote mawili yalikufa.

Tangu hapo hakuna aliyekula nyama mbichi kwa Owuor. Mwaka 1975 alikuja mtu na bunduki, simtaji zaidi kwa kuwa kuta zina masikio, akapiga meza akifoka, "We muzee, leta nyama sasa hivi!", nasi tukajitupa chini, na kaka, akiwa amempa mgongo, akaendelea kugeuza nyama taratibu mpaka ikaiva sawasawa, akamwandalia, na yule bwana, jamani, akala akaomba nyongeza! Tulisema uziwi umemwokoa, kumbe baadaye alimwambia Rosebella kwamba bunduki aliiona mapema, ila nyama ilikuwa haijaiva.

Mganga hajigangi. Alilinda midomo yetu akasahau mkono wake, kwani tarehe 2 mwezi huu wa Februari 1978 kisu kilimkata kidole akipasua nguruwe, akakifunga kitambaa akaendelea na kazi, homa ikarudi, dawa zikakosekana, na tarehe 9 alfajiri akatutoka. Inauma, nasema wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wachoma nyama wenzake, na jirani yetu Mzee Mansur, ambaye dini yake haikumruhusu kuonja hata kipande cha banda lile, lakini ndiye aliyezunguka maduka ya dawa hadi Kansanga akimtafutia sindano.

Mwisho, harufu hiyo ya nyama mnaisikia, lakini asiguse mtu sufuria, hata kama ana bunduki, mpaka binti yake Phelister aseme imeiva. Pumzika, kaka, leo hakuna wa kukuharakisha.