Vidole Viwili vya Mabati ya Ambrosi

Benchi ni langu, kahawa ni yangu, lakini ukifika pale mtaa wa Ng'ambo, Tabora, asubuhi utadhani mimi Mfaume ndiye mgeni. Wa kudumu ni wawili. Yahaya tunamwita Mtemi, kwa kuwa babu yake aliongoza wapagazi hadi pwani, ingawa yeye mwenyewe hajapata kubeba hata ndoo ya maji. Jilala tunamwita Redio, kwa kuwa huzungumza bila kuulizwa. Jumamosi ile mawingu yalikuwa mazito upande wa Itetemia, akaja wa tatu, Ambrosi fundi viatu, tunayemwita Kisigino, ana karatasi mkononi. Baraza la mji lilikuwa limetangaza kwamba mwenye kibanda cha biashara chenye paa la nyasi atapewa mabati ishirini bure, mradi aezeke mwenyewe. Ambaye hatakuwa na bati kufikia mwaka mpya, kibanda chake kitavunjwa. Karatasi zilitakiwa zirudi ofisini siku ile ile kabla ya saa sita, na kila moja iwe na alama ya kidole gumba cha majirani wawili, kuthibitisha kwamba kibanda ni cha mwombaji. Majirani wa Ambrosi ni sisi.

— Naombeni vidole, ndugu zangu, — alisema Ambrosi, akaweka karatasi katikati ya vikombe. Wino hakuwa nao. Alitoa mfukoni kopo la rangi nyeusi ya viatu, akalifungua.

Yahaya akarudisha mkono wake kifuani upesi, kama aliyeonyeshwa nge.

— Bure? — akauliza.

— Bure, Mtemi.

— Mabati ishirini?

— Ishirini.

— Basi hiyo ni hongo.

— Hongo ya nini? Mimi ni fundi viatu. Serikali inihonge ili iweje?

— Hujui mambo ya njia, Kisigino. Babu yangu alipoongoza msafara, kila walipofika kwenye nchi ya mtemi walitoa nguo na shanga. Hapo ndipo walipita. Na yule mtemi akishagusa nguo, hata ncha tu, ndiyo amekubali. Msafara ukikanyaga mihogo yake, hana la kusema. Sasa nikuulize, anayetoa hongo anataka nini?

— Kupita, — nikasema mimi. Nilitamani nisingesema.

— Kupita. Na mabati wanayapeleka wapi? Kwenye kibanda chako. Basi wanataka kupita hapo hapo.

Ambrosi akageuka kukitazama kibanda chake hapo pembeni. Kilikuwa kimeinama, nyasi za paa zimeoza, na ndani ngozi zake zilikuwa zimefunikwa kwa gunia. Mvua ya juma lililopita ilimharibia ngozi ya jozi nne.

— Apite nani humo? — akauliza. — Hata mimi naingia ubavu ubavu.

— Reli, — akasema Jilala.

— Reli ipo, Redio. Iko kule stesheni.

— Ile ya zamani. Nimesikia wanaleta nyingine, ya chini chini. Mlango wake lazima ufichwe ndani ya nyumba ya mtu asiyetiliwa shaka.

— Na mabati?

— Ya kuzuia moshi usionekane.

Yahaya alitikisa kichwa kwa huzuni, si kwa kupinga, ila kwa kuwa hakuliwaza yeye kwanza.

— Na kidole chako kikishakuwa kwenye karatasi, — akaongeza, — umekubali kwa niaba ya mtaa mzima. Ndiyo maana wanataka na majirani. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni ndiye anakupa wewe jembe. Umeona mambo yalivyopinduka?

— Mtemi, mimi sitaki jembe, nataka paa.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, — akasema Jilala.

— Ndicho ninachosema. Naziba.

— Hapana, sikiliza vizuri. Usizibe. Ukiziba wanakuja kukujengea ukuta, na ukuta una kodi yake.

Ambrosi akanitazama mimi. Nilijua anataka nini. Kibanda kikivunjwa, itabidi arudi Ipole kwa kaka yake, akachambue tumbaku ya mwenzake, na mkewe Bernadeta alikwisha kumwambia kwamba yeye Ipole harudi. Nilijua yote hayo, kwa sababu alinisimulia kwenye benchi hilo hilo. Hata hivyo niliinama nikachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Naona haya kusema, lakini yale maneno ya hongo yalikuwa yameniingia. Kibanda changu kiko ubavuni mwa chake.

— Mfaume?

— Ngoja kahawa ichemke kwanza.

— Imechemka tangu alfajiri.

— Tena msisahau ndege, — akasema Jilala, ambaye hakuna aliyemuuliza. — Bati linang'aa. Rubani akiwa juu anahesabu mabati, moja, mbili, ishirini, anajua hapa ni Tabora, anashuka.

— Anashukia wapi? — nikauliza.

— Kwa Kisigino.

— Juu ya paa?

— Ndiyo maana ishirini. Kumi yasingemhimili.

Yahaya akaafiki. Akasema vita ya Mjerumani nayo ilianza kwa kuandika majina tu, watu wakadhani watagawiwa chumvi, kumbe wanakwenda kubeba mizigo ya jeshi. Mjomba wake alirudi na mguu mmoja. Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu hilo lilikuwa kweli. Ambrosi alianza kufunika kopo lake la rangi polepole. Jua lilikuwa limekaribia utosini.

Ndipo akaja mtu na fimbo ya kuchungia, vumbi hadi magotini, amebeba viatu begani kwa kamba.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukaitikia.

Akasema anaitwa Masolwa, ametoka Nzega kuleta ng'ombe mnadani, na ameelekezwa kwa fundi Ambrosi. Ambrosi akainuka, akavipokea viatu, akavigeuza. Soli zilikuwa zimeachana kabisa na viatu.

— Vya harusi ya binti yangu, — akasema Masolwa. — Sina haraka. Harusi ni baada ya mwaka mpya, nitavifuata wakati huo.

— Vitakuwa tayari.

— Lakini njiani nimesikia vibanda vya nyasi vitavunjwa. — Akakitazama kile kibanda, kisha akamtazama Ambrosi. — Nikirudi, fundi, nitakukuta wapi?

Ambrosi alivigeuza tena vile viatu. Akamtazama Yahaya. Yahaya, mjuzi wa njia zote toka Tabora hadi pwani, akatazama miguu yake. Redio naye alizimika. Sijapata kuona jambo hilo kabla wala baada. Ambrosi alisimama tu na viatu vya mtu mkononi, macho yamemjaa maji, akijifanya anakagua uzi.

Nilishindwa. Nililichukua lile kopo, nikalifungua, nikatia kidole gumba hadi kwenye fundo, nikakikandamiza kwenye karatasi.

— Reli ikipita, na ipite, — nikasema. — Wewe Jilala, lete mkono.

— Mimi?

— Lete mkono.

Akaleta. Alama yake ilitoka kubwa kama ya tembo, lakini ilikuwa alama. Ambrosi aliikunja karatasi kabla rangi haijakauka, akasema asante mara tatu, akaondoka mbio kuelekea ofisini. Masolwa akaketi mahali pa Ambrosi, nikammiminia.

Yahaya alikizungusha kikombe chake. Paa la Yahaya ni la nyasi pia, na chini yake mkewe Pelagia huuza mkate wa kumimina.

— Mfaume, — akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. — Unadhani karatasi zimebaki?

— Ofisi ile pale. Una miguu.

— Nitakwenda. Kahawa yangu haijaisha.

Nikamnyang'anya kikombe, nikaimwaga chini.

— Sasa imeisha, — nikamwambia.