Upande wa Chini wa Kisima: Maisha ya Mzee Aristides Kaijage, 1938–1998

Marehemu Mzee Aristides Kaijage alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 hapa Kaisho, mtoto wa tatu wa Mzee Rwezaura na Ma Deodatha. Wazazi hao wamelala juu ya mteremko wa kibanja hiki, kati ya migomba yao.

Alisoma hapahapa Kaisho, kisha chuo cha kilimo, akapata cheti mwaka 1961. Huko ndiko alikoshikwa na ugonjwa wa udongo. Popote alipofika aliinama, akaulowesha kwa mate na kuusokota vidoleni ajue ni mfinyanzi au changarawe. Hata siku ya posa, kule Nyakasimbi, wakwe walimkuta amechutama uani akisokota, shikamoo hajatoa. Walimpa binti yao hivyohivyo. Yeye na Kokwijuka walifunga ndoa tarehe 26 Desemba 1964.

Aliajiriwa katika kilimo, na mwaka 1978 akapewa kazi ya kukagua udongo na maji ya visima vijijini. Kazi hiyo ilimgombanisha na ukweni. Kichanga wa huko, Telesfori, aliyefiwa na mama yake, alikuwa akinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya kisima, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Marehemu alitoboa ardhi akakuta changarawe tupu, inayopitisha maji upesi. Zizi lilikuwa juu, kisima chini, na kila mvua iliteremsha naitreti ya samadi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huifanya damu ya mtoto ishindwe kubeba hewa.

Kwa mila, mkwe hatazamani na mama mkwe. Basi alijificha nyuma ya migomba, akamtuma mkewe kwa kila neno.

“Mwambie mumeo,” Ma Eustadia alifoka, “maji hayo ndiyo yaliyomlea mke aliyemchukua!”

“Mwambie mama, waitu,” akajibu kwa heshima, “namshukuru kwa mke. Lakini huyu mchanga hatafika kuoa.”

Zizi likahamishwa, mtoto akaletewa maji ya chemchemi, akapona.

Mwaka jana ini lilianza kumsumbua. Siku moja aliomba ashikwe mkono hadi kwenye makaburi ya wazazi wake, akausokota udongo wa pale. Changarawe. Wao walizikwa kabla kisima chetu hakijachimbwa; yeye angezikwa upande wa juu wa kisima hicho.

“Nimehamisha mazizi na vyoo vya watu,” alisema. “Mimi ni nani nikae juu ya maji ya wajukuu? Nizikeni kule chini.”

Wazee wa ukoo walikasirika sana: mtu atengwe na baba yake! Ma Kokwijuka alilia, kisha akamwambia, “Basi nichagulie na mimi pangu, ubavuni kwako.” Hapo ubishi ukaisha.

Alifariki hospitalini tarehe 15 Agosti 1998. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu, na Telesfori, aliyekataa mtu mwingine achimbe kaburi hili.

Apumzike kwa amani huku chini alikojichagulia. Nanyi mkitoka kaburini kunawa mikono, kisima kiko pale juu. Mnywe pia.