Janja Balentić wa Stesheni ya Tovarnik

Ndugu, majirani, na nyinyi mliosafiri kutoka mbali, familia imenipa mimi, mtoto wa dada yake, kazi ya kuwasomea maisha ya mama mdogo Janja Balentić, nami nitajitahidi nisiwaweke sana kwenye baridi hii.

Marehemu alizaliwa hapa Tovarnik, kijiji chetu cha mpakani na Serbia, tarehe 9 Machi 1948, binti wa pili wa mzee Pavo na mama Evica, wakulima wa mahindi, akasoma shule ya msingi ya hapa hapa, kisha shule ya biashara kule Vukovar, akahitimu mwaka 1966, na tarehe 1 Aprili 1968 akaajiriwa na shirika la reli, akakaa nyuma ya dirisha la tiketi la stesheni yetu. Tarehe 21 Oktoba 1972 alifunga ndoa na Adam, fundi seremala, katika kanisa la Mtakatifu Mateo, wakajaliwa watoto wawili, Verica mwaka 1974 na Mato mwaka 1978.

Septemba 1991, vita ilipoingia kijijini, Adam aliwapakia mkewe na watoto kwenye trekta la jirani, akamwambia, "Tangulia, Janja, nafunga nyumba nakuja," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, kwa kuwa hakuonekana tena, wala mifupa yake haijapatikana hadi leo. Marehemu aliishi ukimbizini zaidi ya miaka sita, katika chumba kimoja cha hoteli ya pwani ya Istria, yeye na watoto wake, na alikuwa akisema kwamba njaa haikumsumbua sana, kilichomchosha ni kushukuru kutwa nzima. Aliporudi mwaka 1998 alikuta kuta zisizo na paa, akajenga upya, akarudi dirishani kwake hadi alipostaafu mwaka 2005, na chumba kimoja akakitengeneza cha Adam, kitanda, koti, viatu vipya vya kazi, akakifunga, hata sisi watoto wa dada yake tukija wageni tulilala jikoni.

Tarehe 16 Septemba 2015 watu wa Syria, Iraki na Afghanistan walianza kumiminika kutoka upande wa Serbia, maelfu kwa maelfu, wakalala kandokando ya reli wakingoja treni. Marehemu alichota maji, akapika maharage kwa unga wa pilipili nyekundu uani, na jirani yake Manda akamwambia kutoka ng'ambo ya ua, "Umegeuza nyumba stesheni, Janja? Watakubebea mpaka milango."

"Milango yangu ilishabebwa, Manda. Njoo ushike mwiko."

Manda akaja. Siku ya tatu akafika mzee Nadim, fundi cherehani wa Homs, Syria, miguu imemvimba ndani ya ndara za plastiki, anamwegemea binti yake, na marehemu akasimama mbele ya kile chumba muda mrefu, akakifungua, akamlaza mzee kwenye kitanda cha Adam, na asubuhi akamvisha vile viatu. Manda akamuuliza taratibu, "Na Adam je?"

"Adam haji. Najua siku nyingi, nilikuwa sitaki kuzoea."

Alilia kidogo, akanawa uso, akaenda kubandika maji, maana watu wengine walishafika uani.

Mwaka uliofuata njia ya wakimbizi ikafungwa, wakawa wanapita wachache wachache kwenye mahindi, wamelowa, wamerudishwa na polisi wa mpakani, wanajaribu tena, na marehemu naye alikuwa amechoka, aliwawekea mkate na jamu ya matunda kwenye kizingiti cha dirisha akarudi kulala. Wetu nao walikuwa wanaondoka kwenda nchi za nje kutafuta kazi, Verica alishahamia Cork, Mato akaenda Munich, nusu ya nyumba za mtaa wetu zikabaki na makufuli. Verica alipompigia simu, "Mama, njoo ukae na sisi," alijibu, "Nikaanze tena kushukuru? Hapana, mwanangu."

Machi 2022 alimpokea Larysa, aliyekimbia vita kule Kharkiv pamoja na mama yake mzazi, akawapa chumba kile kile, akawaambia siku ya kwanza, "Humu hakuna asante. Jiko lile pale."

Novemba mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa hospitali ya Vinkovci mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani, na tarehe 3 Februari 2024, baada ya chai ya asubuhi, alifariki dunia, Larysa akiwa amemshika mkono, watoto wake wawili wakiwa bado njiani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Vinkovci, wafanyakazi wenzake wa reli, padri wetu, na Manda, aliyeuosha mwili wake. Verica na Mato wameniomba niseme pia kwamba nyumba haiuzwi wala haifungwi, Larysa na mama yake watakaa humo, na anayetaka kunung'unika awaone wao wenyewe, si Larysa.

Mama mdogo, umepokea wengi, leo ni zamu yako kupokelewa. Pumzika kwa amani.