Bi Evdokia na Kabati la Artemi

Magofu haya ya hekalu la Artemi yangeshageuka malisho ya mbuzi kama si mimi, Pantelis Kourtis, mlinzi wa lango na mwindaji ninayejulikana hadi kisiwa cha Evia. Lakini leo si siku yangu. Leo, tarehe 30 Septemba, Bi Evdokia Ralli anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufanya usafi hapa Vravrona.

Alipoanza, wageni walikuwa wanafunzi na wazee wa Kijerumani. Siku hizi wanakuja wasichana na riwaya kwapani, zile ambazo ndani yake Artemi, mungu wa kike wa uwindaji wa Wagiriki wa kale, bado anazunguka msituni na mbwa wake, na mwenye shida humwachia kitu alichokivaa. Basi wanaacha tepe za nywele, bangili, hata soksi. Amri ya ofisi ni kwamba kila kilichoachwa kwenye nguzo kiingie pipani jioni. Mimi niliwacheka sana. Niliwaambia mwindaji wa kweli hapa ni mmoja, na kwamba juzi tu nimepigana na nguruwe mwitu mkubwa kama trekta, akatoroka na kofia yangu.

Bi Evdokia hakucheka wala hakutupa. Alifua, akapiga pasi, akaweka kabatini nyuma ya mifagio.

Mwaka juzi alirudi binti mmoja wa Patra, Myrto, macho yamemvimba. Alikuwa amemwachia Artemi kitambaa cha kichwa cha marehemu mama yake, kama alivyosoma, na alipofika nyumbani akaona hana kingine cha kumkumbukia. Nikamwambia pole mwanangu, pipa lilishaondoka. Bi Evdokia akanisogeza kwa mpini wa ufagio.

"Nyamaza, Pantelis. Njoo, binti yangu. Artemi amekivaa, sasa anakurudishia."

Myrto alikinusa. Akasema kinanukia sabuni ya zeituni, ileile aliyofulia mama yake, akaketi palepale kwenye ndoo.

Asante, Bi Evdokia. Wajukuu wakuchoshe kwa furaha, mtini wako uzae, na magoti yako yapumzike.

Na niseme hili kabla hamjalisikia kwake: hakuna nguruwe. Kofia niliiweka mwenyewe kwenye nguzo, nikimwomba Artemi asimwache Bi Evdokia aondoke. Leo asubuhi nimeikuta kwenye msumari wangu langoni, imefuliwa, imepigwa pasi.