Nestori Ruberwa na Besi ya Pande Mbili

Mchungaji, wazee wa kanisa, kwaya, majirani wa Riverside, jamaa mliotoka Louisville na Columbus mkaendesha gari kwenye theluji, na ninyi pia ambao hamkumjua marehemu ila mmesikia kutakuwa na pilau, poleni na karibuni. Naitwa Agata, ni dada mkubwa wa marehemu, shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikikwama mahali msinicheke, nisubirini. Historia hii ilikuwa isomwe na kaka yake, Leopoldi, mzee wa kanisa, yule pale mbele mwenye suti ya kahawia, lakini ameshindwa, na sababu mtaisikia. Tangu Jumatatu ananifuata jikoni, ananifuata mpaka kwenye gari, ananiuliza jambo moja tu, kama Nestori aliacha neno la kumsamehe, maana alipokata roho nilikuwa naye mimi peke yangu, nami nikamjibu kwamba nitalisema hapa, kwa sababu kosa lilijulikana na watu wote, na jibu lake walisikie watu wote.

Marehemu Nestori Ruberwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Makamba, Burundi, akiwa kitinda mimba wa mzee Ruberwa. Mwaka 1972 baba na mama waliuawa siku moja, nikamfunga mgongoni nikavuka naye kuingia Tanzania, Leopoldi akiwa na miaka minane ameshika nguo yangu, na njia nzima mtoto hakulia ila mara moja, Leopoldi alipokula kiazi chake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1979 katika shule ya msingi kijijini, wilaya ya Kasulu, akaishia darasa la sita mwaka 1984, si kwa kukosa akili, bali alitoa waya za breki kwenye baiskeli ya mwalimu mkuu akazifanya nyuzi za gitaa, gitaa lenyewe la debe la mafuta, na mwalimu aliposhuka na ile baiskeli mlimani akaishia mtaroni na mkono umevunjika. Nilimburuta kwenda kuomba radhi, akasimama mbele ya yule mtu mwenye bandeji akamwambia kwamba zile waya zina sauti nzuri sana, mwalimu, na ndiyo radhi aliyoitoa. Namsema hivi kwa sababu ndivyo alivyokuwa, moyo wake ulikuwa mgumu, na anayetaka kusikia kwamba marehemu alikuwa mpole na mcheshi, amekuja kwenye msiba wa mtu mwingine.

Tarehe 4 Septemba 1999, katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, tulikohamishiwa kutoka kijijini, alifunga ndoa na Florida, ambaye wakati huo alikuwa ameshachumbiwa na katekista mmoja mwenye redio, lakini Nestori alipita kila jioni nyuma ya nyumba yao na gitaa la debe mpaka redio ikaonekana haina maana. Wifi yangu, usiiname, watu wazima wote wa kambi tulijua. Mungu aliwapa watoto wawili, Karoli, aliyezaliwa mwaka 2000 akafa kwa malaria kabla ya kuota jino, na Angelika, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2001, yule aliyekaa pale kwenye kwaya na gitaa la besi mapajani.

Familia ilifika Louisville, Kentucky, tarehe 10 Juni 2008, wakapewa apatimenti upande wa Iroquois, na marehemu akaanza kazi ya kupanga maboksi weahausi, yaani kwenye ghala, mpaka mwaka 2009 alipopata kazi ya kufagia katika karakana ya mzee mmoja Mmarekani, aliyekuwa akitengeneza kwa mkono magitaa ya umeme na besi, kila moja kwa mteja aliyeagiza, kwa miti inayotoka visiwa vya Hawaii. Huko ndiko alikokutana na koa, na nawaambia, Florida hakuwahi kuangaliwa hivyo. Koa ni mti wa rangi ya asali, na ukiuinamisha ubao wake kwenye taa, mistari yake inatembea kama maji. Alifagia mwaka mzima, akaruhusiwa kupiga msasa, kisha kuchonga shingo, na mwisho akafundishwa kuupasua ubao mmoja katikati ya unene wake na kuufungua kama unavyofungua Biblia, kusudi mistari ya kushoto na ya kulia iangaliane kama mapacha, na hiyo ndiyo inayokuwa sura ya gitaa. Pacha wa ubao ni huyo mmoja tu, ukimpoteza huendi kumtafuta dukani, na hili mlishike, maana ndilo lililotuletea maneno.

Yule mzee alipofunga karakana, Agosti 2011, marehemu alihamia Columbus, Ohio, akafanya kazi ya weahausi mchana na jioni akatengeneza magitaa kwenye gereji ya kukodi, jina lake likaanza kutembea, watu wakampigia simu kutoka majimbo ambayo mimi siwezi kuyatamka. Wateja aliwasema vibaya vilevile kama alivyotusema sisi. Mmoja alitaka koa yake ipakwe rangi nyekundu, akamwambia, ukitaka rangi nunua mlango. Kanisa la Columbus lilimwomba gitaa la sadaka, akawajibu kwamba kwaya yao inaimba kama watu wanaotafuta ufunguo gizani. Hakumpa mtu hata mmoja gitaa la bure, si mimi, si mchungaji, na Krismasi alituletea soksi.

Mwezi Aprili 2014 Leopoldi alimwita hapa Buffalo, akisema nyumba za Riverside hazina makuu na zina basimenti kavu, yaani chumba cha chini ya nyumba, na hapo Leopoldi alisema kweli. Nestori akaingia kiwanda cha plastiki, na kule chini akapanga mbao zake za koa alizozinunua kidogo kidogo tangu Columbus, amezipaka nta kwenye ncha zisipasuke, ameweka vijiti katikati ili hewa ipite, na kila akitoka kazini alikwenda kuzigonga kwa kidole na kuzisikiliza kabla hajamsalimia mkewe. Kati ya hizo kulikuwa na ubao mmoja alioupasua mapacha, mzuri kuliko zote, na kwa mara ya kwanza maishani akasema atatengeneza kitu cha bure, besi ya Angelika, ambaye alikuwa ameanza kujifunza, naye mtoto akawa kila rafiki yake anayeingia nyumbani anamshika mkono kumpeleka chini kuuona ubao wake.

Sasa, Jumamosi ya tarehe 18 Julai 2015, Leopoldi alisimikwa kuwa mzee wa kanisa, na sherehe ikafanyika nyuma ya nyumba ya Nestori kwa kuwa ua wake ni mkubwa, mwenyewe akiwa kazini kwa shifti ya Jumamosi. Mbuzi wawili walikuwa kwenye mishikaki, wageni wamejaa, makaa yakaisha. Mtu mwingine angekwenda dukani. Lakini sisi wa Mtabila tulipigwa fimbo porini kwa ajili ya mzigo wa kuni, na mtu wa kambi akiona ubao mkavu umelala, haoni ubao, anaona chungu kinachochemka. Leopoldi akashuka basimenti, akapandisha mbao mabegani akishangilia kwamba mdogo wangu ana kuni kavu namna hii na hasemi, akazipasua kwa panga, akazichoma. Florida na Angelika walikuwa ndani wanakaanga ndizi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nikasikia harufu tamu ya moshi, nikaisifu.

Nestori akafika saa kumi na moja na sare ya kiwanda, ana njaa, Leopoldi mwenyewe akamkabidhi mshikaki, akala, akachukua wa pili, akasema kwa kinywa kilichojaa, kaka, nyama hii leo mmeitia nini? Leopoldi akacheka, akasema, ni kuni zako, bwana, ulizificha. Nestori akageuka akaangalia jiko. Palikuwa na kipande hakijaisha, kimeungua nusu, na ile nusu nyingine mistari yake bado inatembea. Alikitoa kwa mkono mtupu. Alikitazama, akatema kile alichokuwa anatafuna, akashuka chini, na sisi tukabaki tumeshika mishikaki, hakuna aliyejua kama ni adabu kuendelea kula, ingawa baadhi yenu, siwataji, mliendelea.

Kilichopona ni upande mmoja wa ule ubao wa mapacha, kwa kuwa Angelika aliupeleka chumbani kwake usiku uliotangulia akaulaza chini ya kitanda. Leopoldi aliomba radhi siku ileile, akaomba tena Jumapili, akaja na soda na wazee wawili kama ilivyo desturi yetu, akapiga magoti yeye mkubwa mbele ya mdogo. Nestori aliwapa wale wazee viti, Leopoldi hakumpa. Akamwambia, kaka, niletee pacha wake, nitakusamehe. Na Leopoldi, masikini, alikwenda kumtafuta. Alipiga simu kwa wauza mbao na Kiingereza chake kile, aliletewa vipande kutoka Hawaii kwenye bahasha, akavipeleka kimoja kimoja, na Nestori akavikataa kimoja kimoja, akijua tangu mwanzo kwamba pacha huyo hayupo duniani.

Mwezi Agosti alianza kutengeneza besi. Upande wa kushoto akaweka koa ya Angelika. Upande wa kulia akaweka mbao za paleti za kiwandani, zile za kubebea mizigo, hakuzipiga rangi, aliacha matundu ya misumari na muhuri mweusi wa kampuni. Akaunganisha vizuri mno, kiasi kwamba ukipitisha ukucha husikii mahali zilipokutana. Angelika alipoona ubao wake umewekwa pamoja na takataka alilia, akasema kwa Kiingereza, baba, hiyo ilikuwa yangu, na baba yake akamwambia, bado ni yako, utaipiga kanisani. Krismasi ya 2015 besi ikaletwa hapa, zawadi kwa kwaya, mtu ambaye hakuwahi kutoa hata kichongeo, na kila aliyeuliza kwa nini iko nusu nusu aliambiwa, muulizeni mzee wa kanisa, upande wa pili aliula yeye. Mnajua yaliyofuata. Leopoldi akisimama kutangaza matoleo, mtoto wa ndugu yake amesimama mbele yake na ile besi kifuani. Kule Grant Street wanawake dukani walimuuliza, mzee, mishikaki ya Hawaii ipo leo? Nami nilicheka pamoja nao, naomba liandikwe.

Maumivu ya tumbo na mgongo yalimwanza Oktoba 2015, akasema ni kuinama, akamaliza besi kwanza, na alipopimwa Januari 2016 madaktari walikuta saratani ya kongosho imeshaenea, akalazwa hospitali hapa Buffalo tarehe 21 Januari. Na aliyemuuguza ni Leopoldi. Aliacha kazi, akalala kwenye kiti, alimnyoa, alimwosha, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko, na Nestori aliula ule uji wote na hakumwambia asante, wala hakumfukuza. Kila asubuhi Leopoldi alimuuliza, mdogo wangu, yamekwisha? Na kila asubuhi yule mgonjwa aligeuza uso dirishani. Mara moja nilimwambia, Nestori, utakufa na hili mdomoni? Akanijibu, dada, si mdomoni, liko tumboni, nilishalila.

Jumatatu, tarehe 15 Februari 2016, Florida na Angelika walikuwa wamekwenda nyumbani kubadilisha nguo, na Leopoldi akashuka kuhamisha gari kwa sababu magari ya kusukuma theluji yalikuwa yanapita, na katika muda huo mfupi, yapata saa nne asubuhi, Nestori akafumbua macho. Leopoldi, sikiliza sasa. Nilikuwa na uwezo wa kukudanganya, watu wengi hapa wameniomba nikudanganye, mchungaji mwenyewe alinipigia simu. Nestori aliinua mkono wa kushoto kama mtu aliyeshika shingo ya gitaa, akafumba jicho moja kuangalia kama imenyooka, na mimi nilikuwa nimeinama juu yake nikingoja kitu cha kukuletea. Akaniambia, Agata, toka kwenye mwanga. Basi. Hilo ndilo neno, akafa akiwa na miaka arobaini na mitano. Hakukusamehe. Hakukulaani. Hakukutaja, hakumtaja mkewe, hakumtaja mtoto, hata mimi hakuniaga. Alikuwa anaangalia kazi. Usiningoje tena jikoni, mdogo wangu, hakuna kilichobaki cha kuambiwa, na jeneza litakapotoka utashika mbele kulia, kwa sababu mikono iliyomwosha ni ya kwako na familia haina mingine.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule dada wa Kifilipino aliyemwimbia hata alipoambiwa anyamaze, tunawashukuru majirani wa Riverside waliosafisha theluji mlangoni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliofanya shifti zake, wateja wake wa Louisville na Columbus waliotuma maua makubwa kuliko meza zetu, wanakwaya, ambao aliwasema vibaya na bado wamekuja kumwimbia, na akina mama wa jikoni, hata yule aliyesahau chumvi kwenye wali wa juzi.

Nestori, mtoto wa mama yangu, nimeshatoka kwenye mwanga. Angalia unavyotaka, na ukimaliza, pumzika kwa amani.