Maître Gracien na Karatasi Aliyoisahau

Wasikilizaji wapendwa wa Kolwezi, wa Mutoshi, na ninyi mnaotusikia Mutshatsha, leo kiti kilicho mbele yangu ni kitupu. Maître Gracien Numbi, wakili wa kipindi hiki, amefariki. Alifariki Jumanne asubuhi, kwa presha, akiwa na miaka hamsini na minne. Mimi Mignonne nilikaa naye katika kipindi hiki miaka tisa. Leo nina huzuni, na nina hasira pia.

Mnamkumbuka. Alifika kwa taxi-moto kutoka Manika, kitabu cha sheria amekifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya vumbi. Mlipiga simu, akajibu. Mchimbaji aliyefukuzwa kazi bila barua. Ndugu waliogombania parcelle, kiwanja cha baba yao. Iwe sheria ya kazi, ya migodi au ya urithi, alipiga meza hadi mikrofoni ikaruka: "Karatasi iko wapi? Kama hakuna karatasi, juge atakuamini namna gani?"

Mama Fidélie wa Mutoshi, ambaye kampuni ilitaka kuchimba shamba lake, aliniambia matangani: "Maître njo alisema nisitoke mu shamba mpaka banipatie karatasi. Nilikatala kutoka, mpaka banilipa. Leo batoto bangu beko nasoma."

Sasa nasema linaloniuma. Maître Gracien hakuandikisha ndoa yake. Alimwoa mama Adolphine kimila, kule Mutshatsha, miaka ishirini na miwili iliyopita. Mahari ilitolewa, watu wakala mbuzi. Ilibaki kwenda kuiandikisha bureau ya état civil tu, na kutoka kwao ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilipomtania, alicheka: "Mignonne, lundi. Lundi ntaenda." Lakini kila Jumatatu alikuwa na kesi ya mtu mwingine.

Hawakujaliwa watoto. Basi kaka yake mkubwa, tata Banza, amekuja kuichukua nyumba. Mama Adolphine alipodai kwamba yeye ni mke wa marehemu, tata Banza alisimama mbele ya watu wote: "Muke gani? Karatasi iko wapi?" Maneno yale yale ya Maître. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikimbilia kwa avocat mmoja, wakili mwenzake Maître. Akaniambia imebaki njia moja, kuleta mahakamani, mbele ya juge, mashahidi walioona mahari ikitolewa. Wasikilizaji, wazee walioipokea wamekwisha kufa; mashahidi walio hai ni wawili tu. Mmoja ni tata Banza. Wa pili ni mdogo wake, na wamekuja pamoja.

Wamempa mama Adolphine hadi Jumamosi awe ameondoka. Leo ni Alhamisi. Jana alinishika mkono: "Mignonne, batu bote balikuwa nauliza maswali ku radio. Mi sikuuliza hata siku moja, sababu Maître alikuwa wangu ku nyumba. Leo niko na swali. Nani atanijibia?"

Swali lake nimelileta hapa redioni.

Mama Adolphine, pole sana. Familia yote ya Numbi, poleni kwa msiba. Nawe unayesikiliza umekaa na mke wako au mume wako, mwangalie usoni. Karatasi yenu iko wapi?

Saa hii Maître alikuwa akipokea simu zenu. Leo naomba moja tu, wengine mniwie radhi. Tata Banza, ulikula mbuzi wa mahari ile. Laini iko wazi, tunakungojea.